Nani ana mamlaka ya kuchungulia pesa za baba mtoto? Maelezo kwa walioko Mwanza na visiwani

Afisa ustawi wa jamii hana ufunguo wa M-Pesa ya mtu yeyote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowala watu miezi na nauli. Mama anafika halmashauri kudai matunzo ya mtoto, anataja jina la baba, anasema "huyo ana hela, ana mitumbwi mitatu", kisha anarudi nyumbani kungoja serikali ikazitafute hizo hela. Hakuna anayekwenda kuzitafuta. Afisa wa Nyamagana, Ilemela, Sengerema au Ukerewe anaweza kumwita mtu, kumhoji, kutembelea makazi na kuandika taarifa. Benki hawampi taarifa ya akaunti. Kampuni ya simu haimsomei miamala. TRA, mamlaka ya mapato, nao wamefungwa na usiri wa taarifa za mlipakodi. Anayeweza kuamuru milango hiyo ifunguliwe ni hakimu, na hakimu hufungua mlango alioonyeshwa, wenye namba na jina. Hagongi mtaa mzima.

(Nitaandika "baba" kwa kuwa ndivyo mashauri mengi yalivyo. Sheria inasema mzazi. Baba anayelea peke yake Igoma anaweza kumdai mama mwenye duka Makoroboi kwa njia hii hii.)

Wengi wanaodhani vinginevyo wamesoma habari za Uingereza. Kule kuna chombo kinaitwa Child Maintenance Service, chenye kitengo chake cha wachunguzi wa fedha, na sheria mama ni ya mwaka 1991. Hesabu yao huanzia kwenye rekodi za kodi. Mapato ghafi ya mzazi yanachukuliwa kutoka mamlaka ya mapato, yanageuzwa kuwa ya wiki, halafu kwa anayepata kati ya pauni 200 na 800 inakatwa asilimia 12 kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, 19 kwa watatu na kuendelea. Mzazi aliyejiajiri akitiliwa shaka, wachunguzi wanaweza kudai taarifa zake benki au kwa mwajiri bila kusubiri mama apeleke namba ya akaunti. Anayekataa kutoa taarifa au anayedanganya anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Mkaguzi wao anaweza kuingia sehemu ya biashara, lakini si nyumba inayotumika kwa makazi tu. Mapato ya mke mpya hayaingizwi kwenye hesabu. Mfumo huo unategemea jambo moja: kwamba karibu kila mshahara umeandikwa mahali fulani. Baba aliyeko kambi ya wavuvi kisiwani Goziba hana wiki wala mapato ghafi yaliyoandikwa popote, kwa hiyo hata tungeazima ile asilimia 12, tungeipiga kwenye nini?

Sheria yetu ni ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Kabla yake, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa chini ya sheria ya zamani iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, kiasi ambacho kwa miaka mingi kilikuwa hakitoshi kumtunza mtoto. Sheria ya 2009 iliifuta hiyo, na haikuweka kiwango kingine badala yake. Ukisikia mtu anasema "sheria inasema theluthi ya mshahara ni ya mtoto", amechanganya na kitu kingine nitakachokigusa mbele. Kifungu cha 44 kinamtaka hakimu aangalie mapato na mali za wazazi wote wawili, chochote kinachompunguzia mlipaji uwezo wa kupata kipato, watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha mahali mtoto anapokaa, na haki za mtoto zenyewe. Hapo penye "wazazi wote wawili" ndipo watu wanapojikwaa. Mama naye atahojiwa. Mwenye mgahawa Mkuyuni au genge Buhongwa asiseme "sina chochote" wakati afisa amepita asubuhi akamkuta anapima unga. Akisema ukweli kwamba anabakiwa na shilingi 8,000 kwa siku baada ya mtaji, madai yake yanapata nguvu, maana inaonekana wazi kwamba yeye tayari anachangia.

Safari huanzia ofisi ya ustawi. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto au, kama hakipo, tangazo la kizazi au kadi ya kliniki. Barua ya serikali ya mtaa. Na jina kamili la baba, namba zake za simu na mahali anapopatikana. Afisa atatoa wito. Baba akija, wanakaa mezani, na mengi yanaishia hapo kwa makubaliano ya maandishi. Mimi siyadharau makubaliano hayo, ila yana udhaifu mmoja: ni ahadi. Baba akilipa miezi miwili akanyamaza, afisa hana dalali wa kumtuma akakamate mali. Kwa hiyo kama kuna dalili kwamba mtu ana maneno matamu na mkono mgumu, omba shauri lifike Mahakama ya Watoto ili yale mliyokubaliana yawe amri. Baba asipoitikia wito, au akiukataa uamuzi wa afisa, sheria inamtaka afisa mwenyewe alipeleke jambo mahakamani. Mwombaji anaweza kuwa mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima anayemsimamia. Bibi anayelea wajukuu Magu haombi ruhusa ya binti yake aliyeko Dar es Salaam.

Baba akikana mtoto, hapo fedha zinawekwa pembeni kwanza hadi suala la uzazi liishe, mara nyingi kwa kipimo cha vinasaba cha Mkemia Mkuu wa Serikali, na kipimo hicho huombwa kupitia mamlaka kama mahakama au ustawi, si kwa kujipeleka. Angalia tu muda: ombi dhidi ya mwanamume anayedaiwa kuwa baba linapaswa kufunguliwa wakati wa ujauzito au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo inabidi uonyeshe kwamba ndani ya miezi hiyo 24 alishawahi kutoa hela ya matunzo, au kwamba alikuwa ameondoka nchini na sasa amerudi. Ule muamala mmoja wa 20,000 aliotuma "ya maziwa" miaka mitano iliyopita unaweza kuwa ndio unaobeba shauri zima. Usiufute.

Likishafika mahakamani, hakimu anaweza kuagiza taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na ikishaandikwa, lazima aizingatie. Hii ndiyo kazi ya uchunguzi hasa, na inafanywa kwa macho na miguu. Afisa anaangalia nyumba: ya kupanga au ya kwake, paa, umeme, tanki la maji, pikipiki mlangoni. Anawauliza majirani. Anauliza watoto wengine wanasoma wapi. Ukitaka kumsaidia afisa kwa jambo moja tu, mpe jina la shule wanayosoma watoto wengine wa baba huyo. Mtu anayedai kipato chake ni 150,000 kwa mwezi huku watoto wawili wa nyumba ya pili wanasoma shule ya binafsi yenye basi, ameshajihukumu mwenyewe kwa ratiba ya ada. Ada huandikwa, hutolewa risiti, na ina tarehe. Mali anaweza kusema ni ya shemeji; ada ya mtoto wake hawezi kuikana.

Sasa ziwani, ambako hesabu zina ugumu wake.

Mvuvi wa dagaa hafanyi kazi kwa mwezi wa kalenda. Anavua gizani, kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, watu wanalipwa. Kwa hiyo ukimuuliza "mwezi unapata kiasi gani" atakujibu chochote. Muulize giza lililopita, yaani kipindi cha kuvua kati ya mbalamwezi mbili, lilikuwaje, na giza la kabla yake. Kisha uliza mgawanyo. Kwenye kambi nyingi mauzo yanatolewa kwanza mafuta na chakula cha kambi, kinachobaki tajiri mwenye mtumbwi anachukua sehemu yake, mara nyingi nusu au zaidi, na wavuvi wanagawana kilichosalia. Baba akiwa mvuvi wa kawaida na baba akiwa tajiri ni watu wawili tofauti kabisa, hata kama wote wanajaza "mvuvi" kwenye fomu.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano. Mtumbwi mmoja, giza moja, dagaa wameuzwa kwa 3,000,000. Mafuta, chakula na ushuru 900,000. Imebaki 2,100,000. Tajiri anachukua nusu, 1,050,000, na kwa upande wake anatengeneza nyavu na injini, tuseme 200,000. Amebaki na 850,000. Wavuvi watano wanagawana 1,050,000 nyingine, kila mmoja 210,000. Tajiri huyo akiwa na mitumbwi mitatu, na akaja mahakamani akasema anapata "laki mbili tu kama vijana wangu", mwenye swali zuri anamtega hapo hapo: vijana wako wanachukua sehemu gani, na wewe unachukua ipi? Lakini haki iende pande zote. Masika yakinyesha mfululizo, dagaa hawakauki. Wanaoza mchangani au wanauzwa bei ya chakula cha kuku. Magiza mawili mabaya yanakula faida ya mazuri manne. Ukileta hesabu ya giza moja lililo bora kuliko yote ukalizidisha kwa kumi na mbili, wakili wa upande wa pili atalichana mbele yako. Leta magiza sita mfululizo, mabaya na mazuri.

Kwa sangara kuna mtego wa bondo, kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Samaki anaweza kuuzwa kwa wakala wa kiwanda na karatasi ikaonyesha kilo na bei. Pale anapopasuliwa mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, bondo huenda kwa mnunuzi mwingine, taslimu, na kilo moja ya bondo ina thamani kubwa mara nyingi kuliko kilo moja ya nyama. Karatasi ya samaki peke yake haisemi habari yote. Swali ni rahisi: mabondo anauza nani, kwa nani?

Ushahidi wa mambo haya upo, ila haupo benki. Mtumbwi una namba ya usajili ubavuni na leseni ya mwaka, na leseni ina jina. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho kila mtu mwaloni anakiita BMU, kinajua mitumbwi ya mwalo wake na wenyewe. Halmashauri inakusanya ushuru kwa mashine ya POS, na kila risiti ina tarehe na kiasi. Wanunuzi wakubwa wa dagaa Mwaloni Kirumba wana madaftari yao. Huwezi kumlazimisha mwenye daftari akupe, lakini ukimtaja kwa jina na mahali, mahakama inaweza kumwita aje nalo. Hesabu pia vifaa: injini, idadi ya taa za sola na betri, urefu wa wavu. Mtu hawezi kununua injini mpya mwaka huu kwa kipato cha laki mbili kwa giza, isipokuwa amekopa, na kama amekopa, mkopeshaji naye alimuuliza kipato chake. Fomu ya mkopo ni ushahidi mtamu. Mahali ambapo mtu hujisifu kuhusu kipato chake, na kutia saini, ni pale anapoomba mkopo.

Nje ya ziwa kosa kubwa ni kuchanganya mzunguko na kipato. Baba ni wakala wa fedha za simu Nyegezi, mama ameona salio la 4,000,000 na anadai mtoto alipiwe kama wa milionea. Ile ni floti, hela ya kuendeshea huduma. Inaingia asubuhi, inatoka jioni, chake ni kamisheni. Vivyo hivyo kwa mtunza hazina wa kikoba, ambaye kwenye simu yake zinapita hela za wanachama thelathini. Afisa mwenye uzoefu ataomba taarifa ya kamisheni, si ya salio. Usiyefahamu tofauti hii ukaja na namba kubwa, baba akaivunja kwa dakika mbili, kila kitu kingine utakachosema baada ya hapo kitapimwa kwa shaka. Kwa duka, angalia risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), kodi ya pango ya fremu, leseni ya biashara, na mzigo uliopo rafuni. Makadirio ya TRA mara nyingi huwa chini kuliko hali halisi, na baba akiyaleta kama uthibitisho, yaulizwe dhidi ya pango: nani anapanga fremu ya laki tatu kwa duka linaloingiza laki mbili?

Jina la biashara au kampuni linaweza kutafutwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na mtu yeyote kwa ada. Kiwanja chenye hati, unaweza kuomba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu. Haya ni mambo ya wazi, huhitaji amri ya mtu. Ng'ombe walioko kwa kaka yake Kwimba ni kazi zaidi. Hapo unategemea mashahidi wa kijiji, na uwe tayari kaka aseme ni wake.

Simu. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Usifungue simu ya mwenzako usiku ukapiga picha miamala yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, na ndoa si idhini. Unampa fimbo ya kukuchapia. Miamala iliyokuja kwako ni yako: taarifa ya namba yako mwenyewe unaiomba kampuni ya simu, na itaonyesha kila alichokutumia na alipoacha. Picha za skrini peke yake zinapingwa kirahisi. Afadhali taarifa iliyotolewa na kampuni yenyewe, na kiapo kinachoeleza ulivyoipata na ilivyohifadhiwa, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inapima uzito wa ushahidi kwa namna ulivyotunzwa.

Kwa namba zake yeye, kazi yako ni kuzitambua tu. Namba anayoandika dukani, lipa namba iliyobandikwa ukutani, namba anayopokelea nauli za bodaboda. Ukianza kutuma hela kwenye namba, jina la aliyesajiliwa linatokea kabla hujathibitisha. Andika jina hilo, kisha ghairi. Ndipo utakapogundua kwamba namba anayopokelea malipo ya dagaa imesajiliwa kwa jina la mdogo wake. Hiyo siyo mwisho wa safari, lakini lazima ijulikane kabla ya kuomba amri, vinginevyo kampuni itajibu, kwa ukweli kabisa, kwamba mtu huyo hana muamala wowote.

Ombi la amri liandikwe kwa kubana. Linaloshindwa husomeka hivi: "Naomba mahakama ichunguze mali na fedha zote za mjibu maombi." Hakimu hawezi kulifanyia kazi. Linalopita husomeka karibu na hivi:

"Naomba mahakama imwamuru mjibu maombi kuwasilisha taarifa ya miamala ya namba ya simu (itajwe), iliyosajiliwa kwa jina lake, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 30 Juni, na iwapo atashindwa ndani ya siku 14, mahakama iiamuru kampuni husika kuiwasilisha moja kwa moja mahakamani, kwa sababu mjibu maombi ameeleza kwenye kiapo chake kwamba kipato chake ni shilingi 150,000 kwa mwezi, ilhali risiti za ushuru zilizoambatishwa zinaonyesha mauzo ya dagaa kupitia namba hiyo."

Tazama muundo: namba, jina, kipindi kifupi, muda wa kutekeleza, na sababu inayopingana na maneno yake mwenyewe. Miezi sita inatosha kwa kawaida. Ukiomba miaka mitano utaambiwa unavua tu kwa kubahatisha. Kwa benki ni hivyo hivyo, tawi na namba ya akaunti. Benki zinabanwa na usiri wa mteja chini ya sheria ya benki ya mwaka 2006, na amri ya mahakama ndiyo inayowaondolea lawama. Wakikujibu kwa ukali kaunta, usikasirike. Wangekujibu vizuri bila amri, wangekuwa wanavunja sheria. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo usimlipe mtu wa mtaani akuandikie ombi la Kiingereza usichokielewa.

Tuje kwa mwenza, maana hapo ndipo maswali huja kwa hasira. Je, mshahara wa mke mpya unahesabiwa? Wajibu wa kumtunza mtoto ni wa wazazi wake, na mke mpya si mzazi. Akaunti yake ya mshahara si ya kuchunguliwa kwa sababu tu anakaa na baba huyo. Ila kuna njia mbili ambazo fedha zake hugusa shauri. Ya kwanza ni matumizi. Baba akiorodhesha pango 200,000, chakula 300,000, umeme na maji, akasema vyote ni mzigo wake, ni haki kabisa kuulizwa nani mwingine analipa humo ndani. Mke akilipa pango, ile 200,000 inafutwa kwenye orodha ya baba na uwezo wake unaongezeka, bila mke kuguswa senti. Ya pili ni mali iliyofichwa kwa jina lake. Leseni ya mtumbwi ina jina la mke mpya, lakini BMU, wavuvi na mnunuzi wote wanapokea maagizo kutoka kwa baba, na mauzo yanaingia kwenye simu ya baba. Hapo hudai fedha za mke. Unadai kwamba ni za baba, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Mashahidi wanne wanaojua nani hulipa vijana kambini wana thamani kuliko nyaraka kumi.

Watoto wa nyumba hiyo mpya wanahesabiwa, na ni sawa wahesabiwe. Kwenye mitala, watoto wa nyumba zote. Mama akija na hesabu inayowafuta wenzao, taarifa ya ustawi itawarudisha, na yeye ataonekana amejificha.

Upande wa pili: mume mpya wa mama. Baba wengi husema "si ameolewa, amlee huyo". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamume aliyempokea mtoto asiye wake kuwa mmoja wa familia yake ana wajibu wa kumtunza, lakini kwa kadiri baba na mama wa mtoto wanavyoshindwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Baba mwenye uwezo hajatolewa kwenye mstari kwa sababu mama ameolewa.

Mwajiriwa ni rahisi zaidi, na bado kuna ujanja. Baba analeta hati ya mshahara inayoonyesha kilichobaki mkononi baada ya makato, nacho kidogo mno. Soma kuanzia juu, usianze chini. Kodi na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii si hiari yake. Mkopo wa benki, SACCOS na mkopo wa chama ni hiari. Angalia tarehe ulipoanza: mkopo uliochukuliwa wiki tatu baada ya wito wa ustawi unajieleza. Ile theluthi watu wanayoitaja ni hii: mtumishi anatakiwa abaki na theluthi ya mshahara wake baada ya makato. Inamlinda mtumishi dhidi ya wadai, haina uhusiano na mgao wa mtoto. Lakini inaathiri utekelezaji, kwa sababu mshahara uliokwisha kukatwa hadi kwenye theluthi hauna nafasi ya kukatwa tena kwa urahisi, na ndiyo sababu wajanja hukimbilia kukopa mapema. Ukiona dalili hiyo, omba amri ya muda ya matunzo shauri likiendelea, usisubiri hukumu.

Maelezo ya kipato yawekwe kwenye kiapo. Mtu anaweza kumdanganya afisa ustawi kwenye kiti cha mbao bila hofu kubwa. Kudanganya chini ya kiapo ni kosa ambalo adhabu yake inafika miaka saba. Sijasema utamfunga baba wa mtoto wako. Nasema kwamba wakili wake atamshauri aandike namba iliyo karibu na ukweli, na hiyo ndiyo unayoihitaji.

Amri ikitoka, kwa kawaida inaishia mtoto akifikisha miaka 18, au mapema akianza kujitegemea kwa ajira, na inaweza kuendelezwa akiwa bado masomoni. Hali ikibadilika, upande wowote unaweza kurudi kuomba ipandishwe au ishushwe. Kwa mvuvi, omba amri itaje tarehe ya malipo inayofuata kazi yake. "Kila tarehe 30" kwa mtu ambaye hela yake inatoka mbalamwezi ni kutengeneza deni kwa makusudi, kwa sababu mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu na tarehe zinasogea kila mara. Mwombe hakimu aandike kiasi cha mwezi, ila kilipwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Nafasi hiyo inameza tofauti.

Na wito wenyewe ufike. Ghana na Irugwa ni Ukerewe, Kome na Maisome ni Buchosa, lakini Goziba ni Muleba, mkoa wa Kagera, na wito ukiandikwa "Goziba, Ukerewe" unazunguka ziwa na kurudi ulikotoka. Andika jina la kambi, jina la tajiri wa kambi na la mwenyekiti wa kitongoji. Mpelekaji aende mbalamwezi ikiwa imekolea, mitumbwi ikiwa mchangani. Gizani mchana watakuwa wamelala, usiku wako majini, na hakuna atakayekuonyesha nani ni nani.